Sura ya Nne: Sikio la Kulia la Mlevi

Ifahamike kwa wote, wakubwa kwa wadogo, wenye masikio mawili na wenye moja, kwamba siku ya Jumanne, saa tatu kamili asubuhi, Haki yenyewe iliingia katika Hospitali ya Rufaa kwa hatua nzito na uso uliokunjamana, imekuja kumng'oa mkosaji popote alipojificha. Ikajikwaa kwenye ndoo ya mfagizi, ikajimwagia maji machafu viatuni, na ikatamka neno ambalo shuleni kwetu ukilitamka unapiga deki wiki nzima.

Haki alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye begi kubwa mgongoni na shingo aliyoigeuza polepole kama anaikopa. Kabla hajamaliza kukamua soksi nilikuwa nimeshampa jina: Kobe. Kwa cheo alikuwa Mkaguzi wa Baraza la Madaktari. Kabla ya cheo hicho alikuwa mpiga picha wa hospitali kwa miaka ishirini, mapafu asubuhi, nyonga mchana. Watu wa kazi ile wana namna ya kukutazama kana kwamba nguo na ngozi umevaa kwa ajili ya adabu tu.

"Wewe ndiye uliyemsindikiza mgonjwa?" akaniuliza.

"Ndiye mimi, Mheshimiwa."

"Usiniite Mheshimiwa. Sijagombea kitu."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Miezi kumi na minne nyuma nilimleta hapa dada yangu, binti wa mama mkubwa, kutoka shule ya bweni tunayosoma wote. Muhula mzima alikuwa na kizunguzungu. Akitoka darasani anashika ukuta, akifika uwanjani hakuna ukuta, anashika hewa. Bweni likampa jina la Mlevi, jina zuri, likakaa kama kofia iliyopimwa. Alisema pia sikio la kulia linalia na halisikii vizuri. Daktari wa Masikio aliandika apigwe picha kubwa ya sumaku, MRI. Baadaye siku hiyo hiyo akaifuta, akaandika CT ya kichwa, ile picha ya mionzi. CT ikatoka safi. Mlevi akarudishwa shule na cheti cha kuwa mwongo, akaadhibiwa kusafisha vyoo muhula mzima, na kwa kuwa vyoo vyetu vina sakafu ya utelezi, alianguka mara nne. Tulikuwa tunahesabu.

Sasa alikuwa amelazwa ghorofa ya pili. Ndani ya kichwa, upande wa kulia, palikuwa na uvimbe mkubwa kama ndimu, umekaa juu ya mshipa wa fahamu wa kusikia. Alhamisi angepasuliwa. Sikio lilikuwa limeshakwenda, na daktari wa upasuaji alikuwa amemwambia mama mkubwa kwamba hata uso hawezi kumwahidi kuwa hautapooza. Mama mkubwa akaandika malalamiko kurasa sita. Saa tisa alasiri ya Jumanne hii kamati ya Baraza ingekaa, na kama Mkaguzi asingepata maelezo mengine kabla ya hapo, Daktari wa Masikio angefutwa kwenye orodha ya madaktari baada ya miaka kumi na tisa ya kazi.

Mimi nilikuja kumwona akifutwa. Nilivaa soksi safi kwa ajili hiyo.

"Tutaitembea siku ile upya," alisema Mkaguzi. "Kila mlango mliougonga, tutaugonga. Ukikumbuka, sema. Usipokumbuka, nyamaza. Ukibuni, nitajua."

"Utajuaje, Mama?"

"Utakuwa unaongea vizuri mno."

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Daktari. Tulimkuta ameketi, mrefu, shati limefungwa kifungo kimoja juu zaidi ya kinachostahili, hivyo kola upande mmoja ilikuwa inamchungulia sikioni. Alisimama. Mkaguzi akamwashiria akae, akachukua kiti cha wagonjwa, begi akaliweka mapajani.

"Mimi ni mgonjwa," akasema. "Nina kizunguzungu. Nichagulie picha."

"Sianzi na picha, Mama. Naanza na maswali."

"Uliza."

"Dunia inazunguka, au unahisi tu kama utaanguka?"

"Inazunguka. Nikigeuka kitandani. Sekunde chache inatulia."

"Unasikia vizuri?"

"Namsikia jirani akimsema mumewe, na mumewe akinyamaza."

Daktari karibu atabasamu, akajizuia. "Basi hupati picha. Nakulaza hapo, nageuza kichwa chako, natazama macho yanavyocheza. Kuna chembe ndogo kama mchanga zimehama mahali pake ndani ya sikio. Nazirudisha kwa kukugeuza tu, unakwenda nyumbani."

"Nikidai picha?"

"Utadai mpaka uchoke."

"Vizuri. Sasa mimi ni mgonjwa mwingine. Sikio linatoa usaha mwaka wa tatu, na juzi nimeanza kizunguzungu."

"CT ya mfupa wa sikio. Usaha wa namna hiyo unakula mfupa, na mfupa unaonekana vizuri kwenye CT."

"Sasa mimi ni msichana wa miaka kumi na sita. Sikio moja linazima polepole. Halina usaha, halina nta, linalia kama birika. Nayumba nikitembea."

Daktari alitazama meza. "MRI ya mifereji ya masikio ya ndani, na dawa ya kung'arisha picha kupitia mshipa wa damu. Kwa sababu huenda kuna kitu kimekaa kwenye mshipa wa fahamu, na kikiwa kidogo, CT ya kichwa inakipita bila hata kukisalimu."

"Unajua somo."

"Nalifundisha, Mama."

"Na huyu wa tatu ndiye aliyekuja kwako. Ukampa CT."

Alivuta droo, akatoa nakala mbili. Ya kwanza ilikuwa fomu ya picha: MRI imeandikwa kwa wino wa bluu, imekatwa kwa mstari mmoja mnyoofu, chini yake CT ya kichwa. Ya pili ilikuwa karatasi ya kipimo cha usikivu, ile yenye mistari miwili inayopanda na kushuka, mmoja kwa kila sikio.

"Wa tatu alikuja kwa maneno," alisema. "Karatasi ilimleta mtu mwingine. Tazama. Sikio la kulia zima, la kushoto zima. Hakuna tofauti kati yao ya kumfanya mtu aagize MRI. Na soma pale chini, mwandiko wa fundi wa usikivu."

Mkaguzi akasoma kwa sauti, bila kupandisha wala kushusha: "Mgonjwa anakiri alikuwa anajisingizia ili akwepe masomo."

"Niliporudishiwa ile karatasi nilimwita," alisema Daktari. "Akalia. Akasema hajasema hivyo, sikio la kulia halisikii, anaapa. Nikamtazama yeye, nikatazama karatasi."

"Ukaamini karatasi."

"Nikaamini karatasi."

"Na CT ya nini sasa, kama masikio ni mazima?"

Hapo Daktari aligeuka rangi, kama watu wazima wanavyogeuka wakikamatwa na kitu kidogo. "Mwalimu mkuu aliandika barua. Mwanafunzi asirudi bila picha. Nikatoa picha isiyojibu swali lolote, ili watu watulie."

"Hilo ni kosa lako."

"Ni langu."

Mkaguzi akaliandika kwenye daftari. Nilipenda sauti ya kalamu yake. Na kwa kuwa moto ukiwaka vizuri mtu huongeza kuni, nikasafisha koo.

"Samahani, Mama. Kuna jambo nimekumbuka. Daktari alituambia MRI ni mbovu. Alisema, 'Mashine imekufa, mtapigwa hii nyingine, hamtaona tofauti.'"

Daktari alinigeukia mdomo wazi. "Mwanangu, mimi? Lini?"

"Siku ile, Daktari. Ulikuwa unakula peremende."

Ile peremende niliitia kwa ustadi. Alikuwa mtu wa peremende, kikopo kilikuwa mezani. Mkaguzi alikitazama kikopo, akanitazama mimi, akafunga daftari.

"Twende kwenye mashine," alisema.

Chumba cha MRI kilikuwa chini, mwisho wa ujia wenye alama za kukataza funguo na mikanda. Mpiga picha wa zamu, kijana mwenye kitambi cha mapema, alitoa kitabu cha mashine akakifungua juu ya goti. Mkaguzi hakuuliza ukurasa. Alijua mwenyewe kitabu cha namna ile kinavyopangwa, akateremsha kidole hadi tarehe.

"Magoti matatu na uti wa mgongo mmoja," akasoma. "Toka saa sita mashine haina mtu."

"Siku nyepesi hiyo," alisema mpiga picha. "Zilikuwepo siku kama hizo zamani."

"Ilikuwa nzima?"

"Kama ng'ombe wa mnada, Mama."

Kwa hiyo Daktari alikuwa amedanganya watoto wawili wa shule kwamba mashine ni mbovu wakati ni nzima. Ndivyo ilivyosomeka, na ndivyo nilivyotaka isomeke. Nilitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, kama mjumbe wa mazishi.

"Inauma," nikasema.

"Nini kinauma?"

"Mtu mzima kusema uongo."

"Eeh," alisema Mkaguzi. "Inauma sana." Akaendelea kusimama pale, anatazama kitabu kile ambacho hakikuwa na kitu kingine cha kutazama. "Kabla ya kwenda kwenye usikivu siku ile, mgonjwa alikuwa na hali gani?"

"Alikuwa anatapika, Mama. Kizunguzungu kilimpanda kwenye ujia. Alitapika kwenye mkebe wa mchanga wa zimamoto."

"Mlimpeleka wapi?"

"Chumba cha sindano."

Hiyo ilikuwa kweli, na ilitoka kirahisi kabla sijaitazama mara mbili. Ndiyo hasara ya kusema kweli, hutoka bila kuvaa viatu.

Chumba cha sindano kilikuwa na muuguzi mmoja mnene, mcheshi, mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi wa kushonea. Alimwona Mkaguzi akashtuka kwa furaha; zamani walikuwa wamekaa nyumba moja ya wafanyakazi.

"Wee! Bado hujafa?"

"Natafuta kitabu cha sindano cha mwaka jana. Nikikipata nitakufa."

"Kipo. Baraza wanataka kunifunga na mimi?"

"Wewe nitakufunga kwa kelele."

Walicheka wakikigombania kitabu. Muuguzi alilamba kidole akafunua. "Kitabu hiki hakidanganyi, mwanangu," aliniambia mimi. "Kinaandikwa mtu akiwa bado anasugua tako." Akagota ukurasa. "Huyu hapa. Sindano ya kuzuia kutapika, saa nne na dakika hamsini. Alilazwa kitanda cha dirishani, akaamka saa tano na nusu. Namkumbuka. Alikuwa anaomba msamaha kila akitapika, maskini ya Mungu, kana kwamba sakafu ni mama yake."

Mkaguzi akatoa nakala ya kipimo cha usikivu begini, akaiweka kando ya kitabu. Nilikuwa nyuma yake kidogo, upande wa kushoto. Kidole chake kilienda kwenye pembe ya juu ya karatasi, pale fundi alipoandika muda. Kuanza: saa nne na dakika arobaini. Kumaliza: saa tano na dakika tano.

Kidole kikabaki hapo. Muuguzi pia alikuwa ameona. Miwani ilipanda puani ikabaki huko.

"Huyu mtoto amelala kwangu," alianza, "sasa huko alikuwa na nani..."

"Asante, shoga," alisema Mkaguzi, na kufunga kitabu. Kisha akanigeukia kwa shingo ile ya kukopa. "Akiwa amelala hapa, wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye benchi la nje, Mama. Nikimwombea."

"Sala ndefu?"

"Zile za kawaida."

Nafikiri mtu mwenye akili angeaga pale pale. Angesema tumbo linauma, angekimbilia lango la hospitali. Lakini mimi nilikuwa nimeshahesabu. Mkaguzi ataona saa hazipatani, atasema fundi wa usikivu alijaza karatasi kwa kubuni bila kupima mtu. Mafundi wavivu wapo dunia nzima. Basi atafutwa Daktari au atafutwa Fundi, au wote wawili wapandishwe gari moja. Nilimfuata nikipiga mluzi moyoni.

Fundi wa usikivu alikuwa mama mwembamba, mnyoofu kama rula, aliyeishi kwenye chumba kisicho na dirisha. Katikati ya chumba palikuwa na kibanda kidogo chenye kuta nene za sponji na kioo kimoja. Ukikaa ndani, mlango ukifungwa, unasikia damu yako ikifanya kazi.

"Nasikia mnakuja kuniua," alisema Fundi. "Karibuni. Naomba niuawe nikiwa nimekaa."

"Siku ile ulipima mtu," alisema Mkaguzi, "au uliandika tu?"

Macho ya Fundi yakajaa maji, ya hasira. "Miaka kumi na moja sijawahi kuchora mstari nisiousikiliza. Nilipima. Mtu aliingia humu, akakaa, akavaa hedifoni, nikampigia milio mmoja mmoja, akabonyeza. Nilipima sikio moja, nikapima la pili."

"Ulimjua sura?"

"Mama, wale watoto wa bweni wamenyolewa wote, sketi moja, soksi moja. Nilifungua mlango, nikaita jina lililoandikwa kwenye fomu. Mtu akaitika. Aliyeitika nikamwingiza. Ningefanya nini, nimpige picha ya pasipoti?"

"Aliitika vipi?"

"'Niko, Mama!' Sauti safi, ya mtu aliyezoea."

Mkaguzi alikaa kwenye ukingo wa meza, akapumua kama aliyechoka. Alinitazama kwa upole, na nakiri, upole ule ulinipendeza.

"Binti, hebu nisaidie. Mimi ni mtu wa picha, masikio sijawahi kuyapima. Nataka kuona kazi inavyokwenda mwanzo hadi mwisho. Unaweza kukaa humo ndani tukuone?"

Nilikaa. Nilikaa kwa madaha, kama bibi harusi kwenye kiti cha kukodi. Fundi akanivisha hedifoni, akanipa kitufe, akafunga mlango. Milio ikaanza: mizito kwanza, kisha myembamba, kisha ile inayosikika kama mbu aliyefunga safari yuko mtaa wa tatu. Mtu mwingine angeweza kuipuuza baadhi. Mimi nina ugonjwa wa kupenda kushinda. Hakuna mtihani niliowahi kupewa nikaacha swali, hata mtihani wa damu. Nikabonyeza, nikabonyeza, nikatoka nikitegemea pongezi.

Kwenye ukuta wa chumba kile palikuwa na kisanduku cha mwanga cha kutazamia filamu za zamani, kimesahauliwa, kina vumbi. Mkaguzi alikifuta kwa kiganja, akakiwasha. Akabandika karatasi ya mwaka jana, yenye jina la dada yangu. Juu yake akabandika karatasi yangu ya dakika hii. Akasogeza kidogo kulia, kidogo juu, kama alivyosogeza mifupa ya watu kwa miaka ishirini.

Mstari ukalala juu ya mstari.

Haukulala karibu. Ulilala kabisa, kama mtu na kivuli chake saa sita mchana. Na kwenye sikio la kushoto, kuelekea ile milio myembamba, mistari yote miwili ilichimba kishimo kidogo kimoja, mahali pale pale.

"Kishimo hiki cha nini?" aliuliza Mkaguzi.

"Mlipuko," alisema Fundi polepole. "Kitu kililipuka karibu na sikio siku moja. Bunduki. Fataki."

Kwa ajili ya kumbukumbu za taifa: fataki, kidato cha kwanza, kwenye pipa la taka nyuma ya jikoni. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwa pipa kwa sababu nilitaka kuona uso wa mpishi. Uso ulistahili. Nilitamani sana wakati ule kuwa mtu wa kufurahia milipuko kwa mbali.

"Mwite Daktari," alisema Mkaguzi.

Daktari alikuja na shati lake. Alitazama kisanduku cha mwanga kwa muda mrefu, halafu akakaa chini, sakafuni, mgongo ukutani, bila kutafuta kiti.

"Jieleze," Mkaguzi akaniambia.

Nilijieleza. Nilianza kwa sauti ya bunge. Nilisema kwamba katika shule zetu kuna desturi kongwe na tukufu ya kuitikiana. Jioni mwalimu wa zamu anasoma majina. Aliyetoroka, aliyelala, aliyeko chooni, mwenzake anaitika kwa niaba yake. Mimi nina sauti tano na mwanafunzi wa sita ninamkohoa. Kwa hiyo mama alipofungua mlango akaita jina, na mwenye jina yuko kitandani anatapika, na zamu ikipita tunarudi wiki ijayo, mdomo wangu uliitika wenyewe. Ulikuwa msaada. Ulikuwa undugu. Kosa la mazoea tu, Mama, kosa la mtoto.

"Naam," alisema Mkaguzi. "Hilo naliamini. Jana nilimuuliza dada yako kwa simu kama anakumbuka kuingia kwenye kibanda hiki. Akasema hakumbuki, alidhani sindano ilimsahaulisha. Anachokumbuka ni kuamka na wewe kumwambia, 'Ushapimwa, tayari.'"

"Kumbe ulijua toka jana?" Sauti ilinitoka nyembamba. "Sasa kwa nini tumezunguka hospitali nzima?"

"Nilihitaji karatasi. Neno lake lilishakataliwa humu mara moja."

Fundi alikuwa ameshika hedifoni kifuani kwa mikono miwili.

"Kuitika ni kosa la mtoto," aliendelea Mkaguzi. "Mashine mbovu, na peremende, hilo la leo asubuhi, nitalipatia jina lake kwenye ripoti. Lakini kuna sentensi moja hapa chini ya karatasi. Kuitikiana hakuwezi kuiandika." Alimgeukia Fundi. "Ulimuuliza nini?"

"Ninachowauliza wote. Sikio gani linakusumbua."

"Na yeye akakujibu."

"Akacheka. Akasema, 'Hakuna, Mama. Nilikuwa najisingizia tu, nakwepa masomo.' Nikamwambia mwanangu, hilo nitaliandika. Akasema, andika."

"Kwa nini?" aliuliza Daktari kutoka sakafuni. Hakuwa amekasirika. Angekuwa amekasirika ningejua la kufanya. "Ungeitika, ukapimwa, ukanyamaza. Hata hapo ningeweza kumrudia. Kwa nini uliongeza ile?"

Nilitafuta sauti ya bunge, sikuiona. Nilitafuta zile nyingine nne.

"Kwa sababu nilishasema bwenini kwamba anajisingizia," nikasema. "Muhula mzima. Jina la Mlevi nililitunga mimi. Wangemkuta mgonjwa, mimi ningekuwa nani?"

"Kwa hiyo uliamini kweli kwamba anajisingizia," alisema Mkaguzi. Alishaandika nusu ya mstari. Kalamu ilikuwa inanisubiri, na jibu lile lilikuwa jepesi: ndiyo, Mama, niliamini. Mtoto aliyeamini vibaya. Wangenisamehe kwa hilo hata kabla ya saa tisa.

Daktari akainua uso. "Ulikuwa unajua hasikii?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kabla yenu wote. Kwenye foleni ya chakula nilikuwa nasimama kuliani kwake. Namtukana sikioni, matusi ya nguoni, namtukana na mama yake, ambaye ni mama yangu mkubwa, huku wenzangu wanatazama. Yeye anaendelea kushika sahani yake. Halafu anageuka anaona tunacheka, naye anacheka. Tulifanya hivyo kila siku, kuhakikisha. Hakusikia hata mara moja."

Mkaguzi aliukata ule mstari aliokuwa ameandika, akaanza mwingine.